Kanisa Linapomsingizia Mungu Ajali ya Mgodi

Katika uwanja wa kanisa la Watakatifu Wote, kijijini Silkstone karibu na mji wa Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, lipo jiwe la ukumbusho lililosimikwa mwaka 1841 kwa ajili ya watoto 26 waliokufa maji ndani ya mgodi wa makaa ya mawe wa Huskar tarehe 4 Julai 1838. Majina ya wavulana na wasichana hao yamechongwa pamoja na umri wao, na baadhi yao walikuwa hawajatimiza hata miaka 10. Maneno yanayotangulia majina yanamweleza msomaji kwamba siku hiyo parokia ilifikiwa na ujio wa kutisha wa Mwenyezi Mungu, kwamba Bwana alituma ngurumo, radi, mvua ya mawe na mvua, na kwamba maji yalipofumka ghafla katika mashimo ya Mheshimiwa R. C. Clarke, viumbe hao waliitwa mbele ya Muumba wao. Kisha msomaji anaonywa ajiweke tayari, kwa kuwa naye ataitwa. Mwenye mgodi ametajwa kwa cheo chake cha heshima, lakini ametajwa kama mwenye mahali tu. Mtendaji wa tukio zima, kwa mujibu wa jiwe hilo, ni Mungu.

Sitaki kuwahukumu watu waliozika watoto 26 kwa mkupuo, wala sidai kwamba aliyetunga maneno hayo alikuwa na nia mbaya. Hata sisi msibani tuna kauli zetu: kazi ya Mungu haina makosa, ajali haina kinga, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ni kauli zinazomwezesha mfiwa kusimama tena, na asiyewahi kuzihitaji hana budi kumshukuru Mungu. Tatizo huanza pale ambapo kauli ya kufariji inageuka kuwa maelezo rasmi ya chanzo cha kifo, ikaandikwa, ikasomwa na vizazi, na ikamwondolea mwenye mgodi wajibu wa kujibu lolote. Kwa maoni yangu, kanisa lililo jirani na mgodi hupimwa kwanza kwa namna linavyoeleza vifo vya watu wake. Na historia ya makaa ya mawe nchini Uingereza, ambako makanisa ya vijijini yaliishi ubavuni mwa mashimo kwa zaidi ya miaka 200, ina mifano ya kutosha ya kanisa lililoeleza vibaya na ya kanisa lililoeleza vizuri.

Tuitazame siku yenyewe ya Huskar. Mvua kubwa ilinyesha mchana, ikauzima moto wa mtambo wa mvuke uliokuwa ukiwapandisha watu kutoka shimoni. Watoto wapatao 40 waliokuwa chini waliingiwa na hofu gizani, wakaamua kutokea njia nyingine, yaani handaki la mteremko lililofunguka katika msitu wa Nabs. Walikuwa wamekwisha kuupita mlango wa hewa, yaani mlango wa kuongoza mkondo wa hewa shimoni, wakielekea nje, wakati kijito kilichokuwa jirani na mdomo wa handaki kilipofurika na kumwaga maji ndani. Maji yaliwasomba, yakawarudisha na kuwabana kwenye mlango ule ule, ambao kwa uzito wa maji haukuweza kufunguka, na 26 kati yao wakafia hapo. Mvua ilitoka mbinguni, hilo halina ubishi. Lakini handaki lilichimbwa na watu, mdomo wake ukawekwa karibu na mkondo wa maji na watu, mlango ukafungwa na watu, na kumshusha mtoto wa miaka minane ardhini avute vigari vya makaa, au akae peke yake gizani akifungua na kufunga mlango, ulikuwa uamuzi wa kibiashara wenye hesabu zake: mtoto alilipwa kidogo na alipenya pale ambapo mtu mzima na farasi hawakupenya. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichochongwa.

Mwaka mmoja baada ya jiwe kusimikwa ilitoka ripoti ya tume iliyoundwa na serikali mwaka 1840 kwa shinikizo la mbunge Lord Ashley. Wajumbe wake walikwenda mashimoni na kuwahoji watoto wenyewe, na ripoti hiyo ya 1842 ilichapishwa pamoja na michoro iliyowaonyesha watoto wakitambaa kwa mikono na magoti huku wamefungwa minyororo ya kuvutia makaa. Sheria iliyopitishwa mwaka huo huo, licha ya upinzani wa Lord Londonderry, mmiliki wa migodi huko Durham, aliyeipinga kwa nguvu katika Baraza la Malodi, iliwapiga marufuku wanawake na wasichana wote, pamoja na wavulana walio chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Jiwe lilimtaka mpita njia atubu. Ripoti ilimtaka mbunge aeleze mtoto alikuwa akitafuta nini mle shimoni. Maandishi yote mawili yalihusu vifo vya aina moja, na ni moja tu kati yake lililowatoa watoto wengine mgodini.

Mtu anaweza kusema kwamba kanisa la wakati ule lisingeweza kuandika vingine, kwa kuwa elimu ya migodi ilikuwa changa na mchungaji hakuwa mhandisi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama asingekuwapo John Hodgson. Hodgson alikuwa kasisi wa Jarrow na Heworth, karibu na Newcastle, wakati mgodi wa Felling ulipolipuka tarehe 25 Mei 1812 na kuua watu 92, wanaume na wavulana. Wakati huo wenye migodi wa kaskazini hawakupenda habari za ajali zitangazwe, na tangu mwaka 1767 gazeti moja la Newcastle lilikuwa limekiri kwamba liliombwa lisiziandike sana habari hizo. Siku chache baada ya mlipuko shimo lilizibwa ili moto ukose hewa na kuzimika, ilhali nje walikuwapo wake na mama waliokuwa wakiamini kwamba watu wao bado wako hai. Hodgson alikaa katikati ya watu hao, na shimo lilipofunguliwa tena wiki kadhaa baadaye, alizika karibu wote katika uwanja wa kanisa lake.

Alichofanya baada ya kuzika ndicho kinachonivutia. Alichapisha mahubiri ya maziko pamoja na maelezo ya ajali yenyewe: namna mgodi ulivyopangwa, njia za hewa zilivyopita, gesi ilivyojikusanya na kuwaka, majina ya waliokufa na umri wao, na mchoro wa mgodi ulioonyesha mahali miili ilipokutwa. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeamini kwamba Mungu hachafuliwi na ukweli. Aliweza kusema juu ya ufufuo na juu ya mfumo wa hewa katika chapisho moja, na sioni kwamba jambo la kwanza lilipungukiwa kwa kuwa jambo la pili limesemwa. Mwaka 1813 kiliundwa huko Sunderland chama cha kuzuia ajali katika migodi ya makaa, chama hicho kikamwendea mwanasayansi Humphry Davy, na mwishoni mwa mwaka 1815 Davy akatoa taa yake ya usalama, ambayo ulimi wake wa moto ulizungushiwa wavu wa waya ili usiwashe gesi. Taa hiyo ilijaribiwa katika mgodi wa Hebburn mwezi Januari 1816, na Hodgson mwenyewe alishiriki katika jaribio hilo.

Habari hii ingekuwa tamu mno kama ingeishia hapo. Taa ya Davy iliwawezesha wenye migodi kuchimba matabaka yenye gesi nyingi ambayo awali yaliogopwa, na milipuko iliendelea kuua. Kujua chanzo cha kifo hakumlazimishi mtu yeyote kukiondoa, hasa mtu ambaye hesabu zake zinamwambia kwamba mlipuko ni gharama inayovumilika. Kasisi mwenye kalamu nzuri na mgodi wenye fedha si washindani wa uzito mmoja. Kilichokosekana Heworth mwaka 1812 ni wachimbaji wenye uwezo wa kudai, na uwezo huo, kwa sehemu kubwa, ulitoka katika makanisa madogo kuliko la Hodgson.

Kabla ya kufika huko lazima isemwe ni nani aliyekuwa akilipia paa. Katika kambi nyingi za makaa za West Virginia, nchini Marekani, kampuni ilimiliki nyumba, duka na kanisa, na mhubiri aliyemuudhi meneja alijua kwamba nyumba anayolala si yake. Wales haikuwa hivyo hasa, lakini fedha zilikuwa na njia zake za kunong'ona. David Davies wa Llandinam, tajiri wa migodi ya bonde la Rhondda, alikuwa Mmethodisti wa Kikalvini mwenye bidii ya kweli, aliyeshika Jumapili kwa ukali na kuchangia ujenzi wa makanisa mengi. Siamini kwamba alikuwa mnafiki. Lakini mzee wa kanisa anayekaa benchi moja na mwenye mgodi, chini ya paa alilochangia mwenye mgodi, anahitaji ujasiri wa ziada kusimama Jumatatu na kuuliza kwa nini feni ya hewa haifanyi kazi. Hakuna aliyemkataza kuuliza. Ni kuona haya tu, na kuona haya ni kizuizi kizito katika kijiji ambacho watu wote wanajuana.

Ndiyo maana nayapa uzito wa pekee makanisa ambayo wachimbaji walijilipia wenyewe. Tawi la Wamethodisti liitwalo Primitive Methodist, lililozaliwa kutokana na mikutano ya hadhara ya mwaka 1807 kwenye kilima cha Mow Cop, lilienea katika vijiji vya makaa vya Durham na Northumberland kuanzia miaka ya 1820. Halikuwa na majengo ya kujivunia. Waumini walianza kwa kukutana majumbani, kisha wakajenga chumba kimoja cha matofali kwa michango ya kila wiki. Kila robo mwaka ilichapwa ratiba katika karatasi moja: upande mmoja majina ya vijiji, upande mwingine majina ya wahubiri, na katikati tarehe na namba za nani atahubiri wapi. Wengi wa wahubiri hao walikuwa walei, watu waliotoka shimoni Jumamosi na kutembea maili kadhaa Jumapili kwenda kusimama mimbarini. Mhubiri mpya alikuwa katika majaribio, akasikilizwa na wenzake, akajadiliwa kikaoni, akapitishwa au akaachwa. Palikuwa na mweka hazina aliyesoma hesabu mbele ya watu, na katibu aliyeandika kumbukumbu za kikao.

Mtu akiitazama ratiba ile kwa makini ataona chama cha wafanyakazi kinachosubiri jina lake. Mchango wa kila wiki, wajumbe wanaochaguliwa, kikao cha robo mwaka, msemaji anayeweza kusimama mbele ya umati bila kutetemeka na bila kutukana: vyote vilikuwapo tayari. Wakuu wa madhehebu hawakukusudia hivyo, na mara nyingi hawakufurahia kuona wahubiri wao wakiongoza migomo. Lakini huwezi kumfundisha mtu kusoma Amosi na Yakobo kwa miaka kumi kisha ukashangaa anapofikia mstari unaosema kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Hata nafasi ya mhakiki wa mizani, ambayo sheria ya 1860 iliwapa wachimbaji haki ya kuijaza kwa gharama yao ili uzito wa makaa yao usipunjwe na karani wa kampuni, mara nyingi ilikwenda kwa mtu wa kanisani, kwa sababu ndiye aliyeaminika na ndiye aliyejua hesabu.

Thomas Hepburn alitoka katika ulimwengu huo. Aliingia mgodini akiwa na miaka minane, akawa mhubiri wa Primitive Methodist, na mwaka 1831 akaongoza chama cha wachimbaji wa Durham na Northumberland katika mgomo uliopunguza saa za kazi za wavulana hadi 12 kwa siku. Msomaji wa leo atashtuka kwamba saa 12 zilikuwa ushindi. Mwaka uliofuata wenye migodi walikivunja chama hicho, familia zikatolewa nje ya nyumba za kampuni na Hepburn akanyimwa kazi kila alikokwenda, hata akajaribu kuishi kwa kuuza majani ya chai vijijini. Mwishowe alirudishwa shimoni kwa sharti kwamba asijihusishe tena na chama. Alifariki mwaka 1864 na kuzikwa Heworth, katika uwanja ule ule wa kanisa walikolala wahanga wa Felling, na wachimbaji wakamwekea jiwe linalosema kwamba maisha yake aliyatumia kutetea saa fupi za kazi na elimu kwa wachimbaji. Jiwe hilo nalo liko kanisani, nalo limeandikwa na Wakristo, lakini linamweleza msomaji ni nani aliyefanya nini.

Huko Wales, kanisa lilikuwa na nguvu kuliko popote. Uamsho ulioanza mwaka 1904 katika kanisa la Moriah, kijijini Loughor, uliongozwa na Evan Roberts, kijana aliyekuwa amefanya kazi mgodini tangu utotoni, na inakadiriwa kwamba watu 100,000 waliokoka. Husimuliwa hadi leo kwamba farasi wa migodini walishindwa kuelewa amri za wasukumaji wao kwa sababu matusi yalikuwa yamekoma. Kisa hicho kinachekesha, nami nakipenda, lakini kinanitia shaka pia. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa Senghenydd ulilipuka na kuua wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja, ajali kubwa kuliko zote za migodi nchini Uingereza. Sheria ya 1911 ilikuwa imetaka feni za migodi ziweze kugeuza mkondo wa hewa, na Senghenydd ilikuwa haijatimiza hilo. Meneja alitozwa faini ya pauni 24 na kampuni pauni 10. Uamsho ulisafisha ndimi. Vumbi la makaa lilibaki pale pale.

Aberfan, kijiji cha makaa huko huko Wales, ilifuata tarehe 21 Oktoba 1966. Saa tatu na robo asubuhi lundo la saba la kifusi cha mgodi, lililokuwa limerundikwa juu ya chemchemi mlimani, liliporomoka na kuifunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, wakiwamo watoto 116. Miaka mitatu kabla ya hapo mhandisi wa halmashauri alikuwa ameandika barua kuhusu hatari ya tope la makaa kumwagwa nyuma ya shule, hivyo hapakuwa na nafasi ya kusema kwamba hakuna aliyejua. Miili ilipelekwa katika kanisa dogo la Bethania. Mabenchi ambayo watu walikalia kila Jumapili yakawa vitanda vya maiti, watoto wamelazwa juu yake na kufunikwa mablanketi, na wazazi wakapanga foleni nje wakisubiri kuingia, wachache wachache, kutambua aliye wao. Katika siku hizo kanisa halikutoa maelezo yoyote. Lilitoa mahali, mabenchi na mikono, na nadhani halijapata kufanya kazi yake vizuri zaidi ya hapo.

Maelezo yalitolewa na mfiwa. Uchunguzi wa vifo ulipofunguliwa tarehe 24 Oktoba na sababu za kitabibu kuanza kusomwa, baba mmoja alisimama akakataa: alitaka iandikwe kwamba watoto walizikwa hai na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, shirika la umma lililomiliki migodi. Hicho ni kizazi kilicholelewa na Shule za Jumapili, kilichozikariri Zaburi, na hakikuona sababu ya kumtaja Mungu katika cheti kile. Ripoti ya baraza la uchunguzi ya mwaka 1967 ilikubaliana naye kwa lugha ya kisheria, ikailaumu Bodi, ingawa hakuna aliyefukuzwa kazi wala kushtakiwa. Kisha serikali ikachukua pauni 150,000 kutoka mfuko wa rambirambi ili kusaidia kuondoa malundo yaliyobaki juu ya kijiji, fedha zilizorudishwa mwaka 1997 bila riba, na mwaka 2007 serikali ya Wales ikatoa pauni milioni 1.5 kwa ajili ya mfuko wa ukumbusho. Waliodai miaka yote hiyo ni wanakijiji wenyewe.

Najua jibu la wachungaji wengi, na si jibu la kubeza: mfiwa aliyelala chini sebuleni hahitaji mhadhara juu ya feni na chemchemi. Kweli kabisa. Lakini hakuna anayeomba mahubiri ya maziko yageuzwe kuwa hati ya mashtaka. Kanisa lina siku nyingi baada ya maziko, na lina kitu ambacho taasisi chache za kijijini zinacho, yaani mazoea ya kuandika na kutunza. Kabla ya ukaguzi wa usalama wa migodi kuanzishwa kwa sheria ya 1850, vitabu vya maziko vya makanisa mara nyingi ndivyo vilivyobaki kuwa ushahidi wa wachimbaji waliokufa mmoja mmoja, wale ambao ajali zao zilikuwa ndogo mno kwa magazeti: aliyeangukiwa na dari, aliyegongwa na kigari, mtoto aliyepitiwa usingizi mlangoni. Pale kasisi alipoandika sababu ya kifo pembeni ya jina, mtafiti wa leo ana kitu cha kushika. Pale alipoandika jina na tarehe tu, mtu huyo amekufa mara mbili.

Mgodi ukilijengea kanisa ukuta au ukaliezekea paa, sioni dhambi kupokea, ilimradi baraza la kanisa liandike katika kumbukumbu zake, siku ile ile ya kupokea, kwamba zawadi hiyo hailifungi mdomo, na barua ya shukrani iseme hivyo pia. Ajali ikitokea, mchungaji azike, afariji, asome Zaburi zote anazotaka. Kisha, wiki zinazofuata, awaite waliokuwa zamu moja na marehemu, aandike walichokiona na walichokuwa wakilalamikia kabla ya siku hiyo, atenganishe lililoshuhudiwa na lililosikika tu, na nakala ya maandishi hayo imfikie mkaguzi wa migodi na chama cha wafanyakazi ikiwa na sahihi yake.